Mwanafunzi akija na maulizo: ruhusa ya prezida si jibu la memba

Ukiona kijana anashuka kwenye gari ya Bukavu pale Katana, farde chini ya kwapa, anauliza njia ya hospitali ya FOMULAC ama parking ya motari, mara nyingi ni mwanafunzi mwenye anakuja kufanya anketi. Muji uko mbali kama kilometa 45, pesa yake ya safari ni ya siku moja ama mbili, na direkta wa kazi anamungojea na majibu. Kwa hiyo hatafuti mutu mumoja-mumoja. Anatafuta chama: wauguzi, walimu, wavuvi, motari.

Kuulizwa maswali si jambo jipya huku. Lwiro iko karibu tu, kule IRSAC, taasisi ya utafiti yenye ilianzishwa mwaka 1947, ilijenga makao yake. Leo ni CRSN. Zamani muulizaji alikuwa mugeni. Sasa mara nyingi ni mutoto wa Bushi mwenyewe, anasoma UCB, UOB, UEA, ISTM, ISP ama ISDR, na anapashwa kuleta kazi ya mwisho wa masomo: ile TFC ya mupango wa zamani, ama memware mu mupango mupya wa LMD.

Juu ya nini chama? Sababu kiko na lisiti. Chukueni mufano wa wauguzi. Sheria nambari 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016 iliwaundia Ordre yao mu Congo nzima, na muuguzi anapashwa kuandikwa ndani yake ili afanye kazi. Mwanafunzi anaona hapo njia fupi: majina yote mahali pamoja, prezida mumoja wa kuomba ruhusa.

Lakini lisiti ya chama si kazi nzima. Iko na wale wameandikwa. Muuguzi mwenye hajajiandikisha hayumo, wala yule mwenye michango imemushinda. Na mu hospitali na vituo vyetu kuko wafanyakazi wengi wenye Serikali haiwalipi mushahara, wanaishi kwa ile pesa kidogo yenye wagonjwa wanaleta. Kama anketi ni juu ya mushahara na wale ndio wanakosekana, mwanafunzi atarudi Bukavu na picha nzuri kuliko ukweli, na hatajua.

Kisha inakuja hesabu. Wengi wanatumia ile ya Yamane: hesabu ya memba unaigawanya kwa moja, ukiongeza hesabu hiyo hiyo mara mraba wa kosa lenye unakubali. Chama cha watu 200, na kosa la 5 kwa 100, kinatoa watu kama 133. Chama cha watu 60 kinatoa 52, na hapo heri uulize wote 60, mambo yaishe. Hesabu yenyewe ni safi. Shida ni kwamba inadai wale 133 wachaguliwe bila upendeleo, kama kura za karatasi ndani ya kofia. Mwanafunzi akimwambia prezida «nisaidie kupata watu», prezida ataita wenye wako karibu, wenye simu zao ziko na umeme, wenye wanakujaka kwenye mukutano, na mara nyingi marafiki wake. Hiyo si kura tena. Wale wenye hawapatani na komite ndio wenye wangesema mambo tofauti, na hakuna mutu amewaita.

Pale pale kunaanza jambo kubwa zaidi. Prezida akishaweka kashe kwenye barua ya chuo, watu wengi wanafikiri mambo yamekwisha: mukubwa amekubali, basi memba wajibu. Hapana. Ruhusa ya komite inafungua mulango tu. Kila memba anabaki na haki ya kukubali ama kukataa kwa kinywa chake, na hata ya kuachia katikati ya maulizo, bila kutoa sababu. Watu wa mambo ya afya wanaijua kanuni hiyo tangu Tangazo la Helsinki la 1964, na utafiti mwingi juu ya afya unapashwa kupita kwanza mbele ya komite ya etike. Kwa motari ama muvuvi hakuna mutu amewahi kumuambia. Anaona kashe, anaona prezida amesimama nyuma, anajibu.

Na anajibu nini? Fikiria karatasi yenye inauliza: «Je, komite inatumia vizuri michango ya memba?» Inajazwa ndani ya chumba cha mukutano, mweka hazina ameketi meza ya pili, kisha karatasi zinakusanywa na sekretere. Kila mutu ataandika «ndiyo». Mwanafunzi ataandika mu kazi yake kwamba karibu memba wote wanaridhika, na jiri itamupa pwe nzuri.

Wanafunzi wanajitetea: «Hatuandiki majina.» Ni kweli, lakini Katana si Kinshasa. Ukiandika mwanamuke, miaka 50 na zaidi, miaka 22 kazini, na jina la kituo cha afya, umeshamutaja. Hata mupishi wa pale atakuambia ni nani. Mwanafunzi mwenye akili anaacha jina la kituo, anaweka miaka kwa mafungu makubwa, na anakusanya karatasi yeye mwenyewe ndani ya bahasha zilizofungwa. Wale wenye wanatumia simu na programu ya Kobo wanapashwa kukumbuka kwamba fomu inaweza kubeba mahali mutu alipo, kama muandishi wake aliiweka hivyo. Memba anaweza kuuliza: «Hapo GPS inawaka?» Ni swali halali kabisa. Code ya dijitali ya Congo, sheria ya tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda habari za mutu binafsi. Na tangu vita ilifika Kavumu na Bukavu mu Februari 2025, mutu mwenye anazunguka na lisiti ya majina anatazamwa kwa jicho lingine, na anayejibu pia.

Luga nayo. Maulizo yanaandikwa kwa Kifaransa, sababu jiri inasoma Kifaransa. Kwa muuguzi inapita. Kwa muvuvi, mwanafunzi anatafsiri palepale kwa Kiswahili ama Mashi, kila mara kwa namna ingine, na jioni hajui tena kama watu 40 walijibu swali moja ama maswali 40. Dawa yake si ngumu: tafsiri iandikwe mbele, mutu wa pili airudishe mu Kifaransa, kisha ijaribiwe na watu watano kabla ya kuanza.

Kuhusu pesa, memba wengi wanauliza moja kwa moja: «Utatuachia nini?» Mwanafunzi mara nyingi hana kitu, na aseme hivyo tangu mwanzo. Sukari ama pesa ya transporti kwa mutu aliyeacha kazi yake si kosa. Kuahidi mushirika wa msaada atakuja nyuma ya anketi ni uongo, na huku uongo huo umeshatumika sana, hata mutu akiulizwa kama ana mbuzi anafikiri analetewa mwingine.

Mu Bukavu yenyewe watafiti na wasaidizi wao walishaandika mufululizo wa makala wenye unaitwa Bukavu Series, juu ya namna utafiti unafanywa mu Kivu: nani anapita hatari, jina la nani linabaki kwenye kitabu. Mu vyama vya Katana lalamiko ni dogo zaidi, na linaweza kutengenezwa. Kazi ikishatetewa, kopi inaenda mu biblioteki ya chuo. Muuguzi mwenye alijibu wakati wa pumziko, chai inapoa, hataiona.

Kwa hiyo komite inaweza kuandika sharti moja kwenye ile barua kabla ya kupiga kashe: mwanafunzi arudi na kurasa mbili, kwa Kiswahili, zisomwe mu mukutano wa mwezi. Nauli ni ile ile ya gari ya kwanza. Siku hiyo memba wenyewe watasema kama hesabu zinafanana na maisha yao, na sekretere ataandika mu kitabu cha chama, katikati ya michango na habari za matanga.