Hesabu Miguu ya Kiwavi Kabla ya Kununua Dawa

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, ambako mashamba ni madogo na mvua ni nyingi, watu wengi hupata fedha za matumizi kwa kuuza kabeji, sukuma wiki na mgagani, ambao Wagusii huuita chinsaga. Mkulima aonapo majani yametobolewa na viwavi weusi, hukimbilia dukani kununua dawa. Lakini mara nyingine hunyunyiza dawa hiyo, na viwavi huendelea kula kana kwamba wamemwagiwa maji matupu. Sababu ni kwamba si kila afananaye na kiwavi ni mtoto wa nondo au kipepeo.

Yuko mdudu wa jamaa ya nyigu na nyuki, mwenye kichwa cheusi na tumbo la rangi ya machungwa, ila hana kiuno chembamba. Huitwa nyigu-msumeno, kwa kuwa jike ana kifaa chenye meno mwishoni mwa tumbo. Kwa kifaa hicho hupasua ukingo wa jani na kuficha yai ndani yake. Yai likianguliwa, mtoto huanza kula jani lile lile.

Mdudu huyu hali kila mmea. Mahindi na maharagwe yaliyo jirani hayagusi. Hutafuta kabeji, sukuma wiki, haradali na jamaa zao, ambao wana ukali unaowasha ulimi. Mgagani nao una ukali wa namna hiyo. Ukali huo ni silaha ya mmea ya kuwafukuza wadudu, lakini yeye humwita kama harufu ya chakula kilichoiva. Wataalamu wamegundua kwamba ndugu yake wa Ulaya huuweka ukali huo mwilini mwake. Akishambuliwa na sisimizi hutoa tone la damu, nao humwacha.

Kumtambua si kazi ngumu. Kiwavi wa nondo ana jozi 3 za miguu karibu na kichwa, na nyuma yake jozi za miguu minene zisizozidi 5. Mtoto wa nyigu-msumeno wa kabeji ana jozi 8 za miguu hiyo minene. Tena akiguswa hujikunja na kuanguka chini.

Hesabu hii huokoa fedha, kwa maana dawa za bakteria ziuzwazo kwa ajili ya viwavi wa nondo hazimwui huyu. Yafaa mkulima ampelekee Bwana Shamba mdudu mwenyewe ndani ya chupa kabla ya kununua dawa. Katika shamba dogo, mikono yaweza kutosha: viwavi waokotwe mapema na kutumbukizwa katika maji ya sabuni. Haradali-mwitu ing'olewe. Baada ya mavuno udongo ulimwe, kwa kuwa humo ndimo mdudu hujifunga katika kifuko chake, kisha pandwe mahindi au maharagwe. Nyigu atokapo ardhini hatakuta chakula cha watoto wake.