Tukuyu: Kitanda Kipo, Gari Litalala Wapi?

Anayefika Tukuyu jioni na gari lake hakosi chumba. Gesti zipo Kiwira, zipo katikati ya mji karibu na stendi, zipo kandokando ya barabara ya kushuka Kyela, na bei zake nyingi bado ni za mtu wa kipato cha kawaida. Kazi ni kupata pa kuliacha gari hadi asubuhi. Biashara ya kulaza wageni mjini hapa imejengwa kwa kuhesabu vyumba, ilhali sehemu kubwa ya wateja wake wanakuja na magurudumu. Fedha inavuja hapo.

Mtalii si mteja wa kutegemewa sana. Wanaokwenda Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu na Kijungu wanaweza kutoka Mbeya asubuhi, kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu, na jioni wakarudi walikotoka. Anayelala Tukuyu ni mtu mwenye shughuli: mnunuzi wa ndizi au maparachichi, ofisa aliyetumwa wilayani, ndugu wa mgonjwa aliyelazwa Makandana au Igogwe, dereva wa lori anayeelekea Kasumulu avuke kwenda Malawi. Na kuna watu wa msibani. Kwa Wanyakyusa msiba ni wa ukoo mzima. Watoto walioko Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya huteremka kwa pamoja, magari manne au matano, na nyumbani kwa wazee hapatoshi. Mgeni wa namna hii halali zaidi ya usiku mmoja au miwili. Anachotaka ni maji ya moto, usalama, na kuondoka alfajiri bila kusumbuana na mtu.

Maji ya moto si anasa huku. Mji upo kwenye mwinuko wa mita 1,500 na ushei, chini ya Mlima Rungwe wenye urefu unaokaribia mita 3,000, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000. Juni na Julai baridi inauma kweli. Chumba cha self kisicho na hita kitampata mteja leo, kesho hatarudi. Gesti ndogo zinazochemsha maji jikoni na kumletea mgeni ndoo mlangoni zisidharauliwe. Ndoo hiyo saa kumi na moja alfajiri inaaminika kuliko hita ambayo umeme ukikatika haina kazi, na inamwezesha mwenye kipato kidogo kuoga vizuri kwa bei anayoimudu.

Kwenye maegesho ndiko wengi wanakokwama, na sababu yake ni ardhi. Wajerumani, waliouita mji huu Neu Langenburg, waliweka boma lao juu ya mwinuko. Mji ukakua kwenye miteremko, na tambarare ni chache. Kusawazisha kiwanja maana yake ni kuchimba, kujenga ukuta wa kuzuia udongo, kuweka mifereji ya kupitisha maji ya masika, kisha kumwaga kokoto au zege ili magari yasizame kwenye tope. Gharama yote hiyo mwenye gesti huiona ni fedha iliyofukiwa chini, basi anajaza vyumba hadi ukutani na kuacha upenyo wa gari mbili au tatu.

Tufanye hesabu ya mfano. Gesti ina vyumba 12 na kila kimoja ni shilingi 20,000. Ikijaa, usiku mmoja ni shilingi 240,000. Uwanja unaingiza magari matatu. Jioni wanakuja wateja 12, sita kati yao wana magari. Watatu wa mwisho wakikosa nafasi wanageuza getini na kwenda kwa jirani, na mapato yanashuka hadi shilingi 180,000. Mwenye gesti angeacha kujenga vyumba viwili na kutumia eneo hilo kupokea magari yote sita, angeuza vyumba vyake 10 vyote na kupata shilingi 200,000, huku akipunguza mashuka ya kufua, mabomba ya kutengeneza na vitasa vya kubadilisha. Bila shaka kuna siku za wateja wachache ambapo hesabu hii haisimami. Lakini kwenye msimu wa mavuno na wikiendi za misiba, uwanja unauza vyumba.

Kuna pia suala la geti. Mnunuzi wa ndizi anakuja na Fuso, na geti lenye boriti au kijipaa juu yake halipitishi Fuso hata kama uwanja ni mpana. Gari linabaki barabarani, na dereva analala ndani yake kulinda turubai na betri. Chumba kimoja kimepotea kwa sababu ya urembo wa fundi.

Hata magari yakiingia yote, bado yanafungiana. Aliyefika saa mbili usiku ameegesha nyuma ya aliyefika saa kumi na moja jioni, na wa kwanza ndiye anayetaka kutoka saa kumi alfajiri awahi mzigo shambani. Mhudumu anazunguka na tochi kugonga mlango mmoja baada ya mwingine akitafuta mwenye gari la nyuma, na nyumba nzima inaamka. Kitabu cha wageni kinamtaka mtu aandike jina, kabila, kazi, anakotoka na anakokwenda. Safu moja tu ikiongezwa, ya namba ya gari mkabala na namba ya chumba, usumbufu huo unakwisha. Mgeni naye, kabla ya kupatana bei, aulize geti linafungwa saa ngapi, funguo anabaki nazo nani, na aseme mapema saa anayoondoka.

Nyumba za wageni za makanisa zina nafasi nzuri katika hili. Wamoraviani walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, na misheni za zama hizo zilichukua maeneo mapana ambayo mfanyabiashara wa leo hawezi kuyanunua. Mahali penye kiwanja cha aina hiyo, mgeni asiyehitaji baa anapata utulivu na nafasi ya gari kwa pamoja. Familia inayokwenda msibani ianze kuulizia huko.

Kwa mwenye shughuli Mbeya, Tukuyu inaweza kuwa chaguo siku jiji linapojaa. Nanenane ya kitaifa ilifanyika Mbeya mwaka 2022 na 2023, na viwanja vya John Mwakangale vipo upande wa Uyole, inakochepukia barabara ya Tukuyu, kwa hiyo mgeni anafika uwanjani bila kukatiza mjini. Nashauri safari hiyo ifanywe mchana tu. Barabara ina kona na miteremko, ukungu hushuka ghafla, na malori ya mpakani hayaishi.

Malori hayo ndiyo soko ambalo Halmashauri ya Rungwe ingeanza nalo. Dereva wa semi hana gesti ya kuingiza gari lake. Analiacha sheli kwa makubaliano na mlinzi, yeye anakwenda kulala, utingo anabaki ndani ya kichwa cha gari. Kiwanja kimoja tambarare kando ya barabara kuu, chenye taa, choo na mlinzi, na malipo yanayopitia namba ya malipo ya serikali, kingeipa halmashauri ushuru wa maegesho na kuongeza ule wa nyumba za kulala wageni. Dereva akiwa na uhakika na mzigo wake, utingo naye anashuka kukodi chumba.