Jina Lililopigwa Marufuku

Katika koo zote za Nyanda za Juu za Scotland, hakuna unaonigusa kama ukoo wa MacGregor. Koo nyingine zina ngome na mashamba ya kujivunia. Hawa walinyang'anywa mpaka jina.

Mabonde yao ya Glenorchy na Glenstrae yaliangukia mikononi mwa akina Campbell, majirani wenye nguvu waliojua kuitumia hati ya mfalme sawasawa na upanga. Akina MacGregor wakawa wapangaji kwenye ardhi ya babu zao, na baadhi yao wakaishi kwa kuiba ng'ombe. Februari 1603 walipigana na ukoo wa Colquhoun huko Glen Fruin, wakaua wengi. Tukio hilo halifai kupambwa. Lakini adhabu yake ilipita kiasi. Aprili mwaka huohuo, siku chache kabla Mfalme James VI hajaondoka kwenda London kurithi kiti cha Uingereza, ilitoka amri ya kulifuta jina lenyewe: MacGregor abadili jina au auawe. Mkuu wao, Alasdair wa Glenstrae, alinyongwa Edinburgh Januari 1604. Waliosalia walikatazwa silaha yoyote isipokuwa kisu butu cha kukatia nyama, na baadaye wakakatazwa kukusanyika zaidi ya watu wanne.

Basi wakajiita Murray, Drummond, Graham, wengine hata Campbell, jina la waliowapokonya ardhi. Marufuku iliondolewa 1661, ikarudishwa 1693. Rob Roy MacGregor, shujaa anayejulikana kuliko wote katika ukoo huo, alilazimika kutumia jina la Campbell la upande wa mama yake, na alipofariki mwaka 1734 sheria ilikuwa bado haijafutwa. Ilifutwa 1774.

Hesabu vizazi vilivyopita hapo katikati. Mtoto alizaliwa Drummond, baba yake Drummond, babu yake Drummond, na bado ndani ya nyumba yao walijua wao ni nani. Hapakuwa na daftari la kuwakumbusha. Nasaba ilitunzwa vinywani mwa wazee. Sheria ilipofutwa, watu 826 walitia saini kumtambua John Murray wa Lanrick kuwa mkuu wao, na familia yake ikalirudia jina la MacGregor. Mwaka 1822, Mfalme George IV alipozuru Edinburgh, watu wa ukoo uliowahi kuwindwa ndio waliopewa heshima ya kulinda taji na upanga wa Scotland. Mwaka huohuo wakaanzisha chama cha ukoo, na kingali hai.

Wapo wanaobeza fahari hii ya ukoo kwa sababu mitindo mingi ya tartani, vitambaa vya miraba vya koo, ilipangwa katika karne ya 19. Ni kweli ilipangwa wakati huo. Ila kitambaa ni vazi tu, na akina MacGregor walidumu jumla ya karibu miaka 140 bila ruhusa ya kujitaja, seuze kujipamba.

Siku hizi wazao wao wa Marekani, Kanada na Australia hupima vinasaba vinavyorithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Wengine wenye majina mengine kabisa hugundua kwamba damu yao inalingana na ya akina MacGregor. Baadhi yao hulichukua jina la kale. Wengine hubaki na lile walilozaliwa nalo, kwa kuwa hilo nalo lilimficha babu yao asiuawe.