Rivolva ya Webley, Istilahi za Silaha na Ushahidi wa Mkimbizi: Mtazamo kutoka Dzaleka na Biwi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza historia na muundo wa rivolva ya Webley, silaha ya maofisa wa jeshi la Uingereza na vikosi vyake vya Afrika Mashariki na ya Kati tangu mwaka 1887. Hoja kuu ni kwamba neno bastola, kama linavyotumiwa leo, hufunika silaha za aina mbili zenye utendaji tofauti, na kwamba tofauti hiyo inaweza kuathiri ushahidi unaotolewa kwa Kiswahili na kufasiriwa katika lugha nyingine.

1. Utangulizi

Kambi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, ilianzishwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Wakazi wake wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Lugha hiyo husikika pia Lilongwe, katika vitongoji vya wafanyabiashara kama Biwi, ikiwa pamoja na Chichewa. Katika mazingira hayo simulizi za vita husimuliwa kwa lugha moja na kuandikwa kwa nyingine. Silaha hutajwa mara nyingi katika simulizi hizo, lakini istilahi zake hazijapewa uzito unaostahili. Rivolva ya Webley inafaa kuwa mfano, kwa sababu muundo wake ni bayana na historia yake inaigusa Malawi yenyewe.

2. Historia kwa muhtasari

Jeshi la Uingereza liliidhinisha Webley ya kwanza mwaka 1887, baada ya kutoridhishwa na rivolva ya Enfield iliyoitangulia, hasa katika utoaji wa maganda. Matoleo sita yalifuatana. La sita, la mwaka 1915, lilikuwa na kasiba ya inchi 6 na mpini wenye pembe, na ndilo lililoenea zaidi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Watengenezaji walikuwa Webley & Scott wa Birmingham; baadaye kazi ikahamia kiwanda cha serikali cha Enfield. Mwaka 1932 jeshi lilipokea rivolva nyepesi ya Enfield yenye risasi ndogo zaidi. Hata hivyo, Webley za zamani hazikutoweka mara moja.

Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa tarehe 1 Januari 1902, na batalioni zake mbili za kwanza zilitokana na jeshi la Afrika ya Kati ya Kiingereza, nchi iliyoitwa Nyasaland kuanzia 1907. Askari wa kawaida walibeba bunduki. Rivolva ilikuwa ya ofisa, ikifungwa kwa kamba iliyopita katika pete chini ya mpini. Kwa hiyo, machoni pa askari, silaha hiyo ilikuwa alama ya amri kabla ya kuwa chombo cha kupigania. Vita vilipofika Karonga, Septemba 1914, upande wa pili ulikuwa jeshi la Wajerumani, ambao rivolva zao za mwaka 1879 na 1883 hazikuwa na kitoamaganda cha Webley.

3. Muundo na utendaji

Kiunzi cha Webley kina sehemu mbili zilizounganishwa kwa bawaba mbele ya silinda. Mtumiaji akibonyeza komeo kwa kidole gumba, kasiba na silinda huinama mbele. Hapo kipande chenye umbo la nyota huinuka katikati ya silinda na kusukuma nje maganda yote sita kwa pamoja. Risasi mpya huingizwa, kiunzi hufungwa. Katika rivolva za Wajerumani zilizotajwa, ganda lilitolewa moja moja kupitia kijilango cha pembeni.

Ufyatuaji una njia mbili. Mtu aweza kuvuta nyundo nyuma kwa kidole gumba kisha akabonyeza kifyatulio, au akavuta kifyatulio tu, ambacho huzungusha silinda, huinua nyundo na kuiachia. Nyundo hugonga fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti huwaka, risasi hutoka.

Risasi ya Webley ilikuwa ya kipimo cha .455, yenye uzito wa gramu 17 hivi, nzito na isiyo na kasi kubwa. Toleo lenye ncha yenye shimo, la mwaka 1898, liliondolewa baada ya Azimio la The Hague la 1899 kukataza risasi zinazotanuka mwilini. Hapa sheria ya kimataifa ilibadilisha umbo la chuma.

4. Istilahi

Risasi ni neno la Kiarabu la madini ya risasi, na kasiba limetokana na neno la lugha hiyohiyo lenye maana ya utete. Fyatua, kwa upande wake, hutumika kwa mtego, kwa bunduki na hata kwa matofali. Katika Kiswahili cha Kongo husikika pia masasi. Chichewa husema mfuti kwa bunduki kwa jumla na chipolopolo kwa risasi. Lakini bastola, kwa msemaji wa kawaida, ni rivolva na pia ni silaha fupi ya magazini.

Tofauti ni hii: bastola ya magazini inayojijaza hutupa ganda baada ya kila mlio, ilhali rivolva hubaki na maganda ndani ya silinda mpaka ifunguliwe. Tuchukue mfano wa kubuni. Shahidi anasema, "Alipiga mara tatu kwa bastola, na chini hapakuwa na maganda." Mkalimani akichagua neno linalomaanisha silaha ya magazini, maelezo yaweza kuonekana yanajipinga. Kumbe shahidi amesema kweli; neno lililochaguliwa ndilo lililomsaliti.

5. Mapendekezo

Kwanza, faharasa za wakalimani zitenganishe bastola kama jina la jumla, rivolva na bastola ya magazini. Pili, mhoji aulize umbo na kitendo: risasi ziliingizwa wapi, kilizunguka nini, maganda yalianguka? Tatu, majibu hayo yasigeuzwe mtihani. Aliyeelekezewa mtutu hana wajibu wa kujua aina yake, na kutojua si uongo. Nne, pale shahidi anaposema bastola tu, mkalimani aseme jina la jumla na kuacha umahususi usiokuwapo.

6. Hitimisho

Webley imekwisha kuondoka mikononi mwa majeshi, na batalioni ya kwanza ya King's African Rifles ikawa Malawi Rifles mwaka 1964. Funzo lake lingali hai: jina la kitu lisipofuata utendaji wake, gharama hulipwa na yule anayesikilizwa kupitia kinywa cha mwingine. Kusanifu istilahi za silaha ni sehemu ya kutenda haki kwa lugha, na watafiti wa Kiswahili wana nafasi ya kuianza kazi hiyo pamoja na wakalimani wa Dzaleka wenyewe.