Turbo ya Subaru hutoka bila kushusha injini, lakini kwanza jua kilichoiua

Wafanyabiashara wa magari ya mtumba wanaijua hadithi hii. Umenunua Impreza au Forester ya turbo, injini inalia vizuri, bei imekaa sawa. Baada ya siku chache gari linatoa moshi wa buluu, linapiga mluzi kama king'ora na kupanda mlima linashindwa. Ukifika gereji unaambiwa turbo imekufa na lazima injini ishushwe. Hapo faida yote inaanza kuyeyuka: ufundi wa kushusha na kupandisha, na siku gari linapolala bila mnunuzi.

Kwa Impreza na Forester za turbo za miaka ya 1990 na 2000, zenye injini ya familia ya EJ, kauli hiyo si sahihi. Turbo yake hutoka kwa juu, injini ikiwa mahali pake.

Kwa nini inawezekana

Injini ya Subaru imelala. Silinda mbili ziko kushoto, mbili kulia, na juu yake hubaki nafasi. Turbo imewekwa upande wa kulia, nyuma ya injini, karibu na ukuta wa kabini. Ukifungua boneti na kuondoa intakula, yaani kile kipozea hewa kilicho juu, unaiona.

Si kila gari la mbio liko hivyo. Nissan 300ZX ya turbo mbili ina injini ya V6 iliyobanwa, turbo moja kila upande, na mafundi wengi huona heri kushusha injini. Hata Subaru yenyewe ilibadilika: Forester nyingi za turbo kuanzia 2012 na WRX nyingi kuanzia 2014 zina injini ya FA20, na turbo yake iko chini, mbele. Hivyo jua kwanza ni injini gani uliyo nayo.

Hatua za kuitoa

Acha gari lipoe kabisa, kisha chomoa waya wa betri. Punguza maji ya rejeta. Nyunyizia nati za ekzosi mafuta ya kulainisha kutu, ikiwezekana tangu jana yake. Nati zilizopikwa na moto kwa miaka hukatika zikilazimishwa, na boliti iliyokatika ndiyo inayogeuza kazi ya nusu siku kuwa ya siku tatu.

Toa intakula na mipira yake, kisha bati la kuzuia joto. Fungua bomba la moshi linalotoka kwenye turbo kwenda chini, pamoja na boliti za chini ya gari zinazolishikilia. Fuata nati tatu zinazounganisha turbo na bomba linaloleta moshi kutoka kwenye injini. Halafu ondoa mrija wa oili unaoingia juu, mipira miwili ya maji, na mwisho mpira wa oili inayorudi chini.

Mpira mkubwa wa kuingiza hewa uvutwe taratibu. Kwenye gari la zamani huwa umekauka, na ukipasuka turbo mpya itavuta hewa ambayo injini haikuipima. Hapo turbo inanyanyuliwa. Ziba matundu yote kwa kitambaa safi, kwani nati moja ikidondoka humo ni hasara nyingine.

Nani aliyeiua?

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inachoelea juu yake ni oili tu. Turbo nyingi hazifi kwa uzee. Hufa kwa kukosa oili au kwa oili chafu. Ukifunga mpya bila kuondoa sababu, nayo itakufa.

Kagua mambo manne. Kwanza, boliti yenye tundu inayoshika mrija wa oili: kwenye injini nyingi za turbo za Subaru ndani yake kuna kichujio kidogo cha wavu, na kikiziba turbo inakaukiwa. Pili, mwaga oili na uitazame juani. Iking'aa chembe za chuma, ugonjwa uko kwenye injini yenyewe, na kununua turbo ni kutupa pesa. Tatu, tazama mapanga ya upande wa moshi. Yakiwa yamekatika, kuna kitu kilipita humo. Baadhi ya Impreza zina kichujio cha moshi kabla ya turbo, ambacho huvunjika vipande. Nne, hakikisha mpira wa kurudisha oili haujaziba, maana oili isiposhuka hutokea kwenye ekzosi kama moshi wa buluu.

Kununua na kufunga

Unaponunua turbo ya mtumba, iwe Nairobi, Kampala, Dar es Salaam au Sharjah, usinunue kwa macho. Andika namba iliyo kwenye kibati cha turbo ya zamani, kwani TD04 ya Mitsubishi na VF za IHI haziingiliani ovyo. Shika shafti: kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, lakini ikisogea mbele na nyuma, au panga likigusa ganda, irudishe.

Wakati wa kufunga, gasketi na washa za shaba ziwe mpya, oili na filta pia. Safisha intakula iliyojaa oili. Tia oili kwenye tundu la turbo kabla ya kufunga mrija, kisha zungusha injini bila kuiwasha mpaka taa ya oili izime. Ikiwaka, iache ingurume taratibu dakika kadhaa bila kukanyaga mafuta.

Kwa magari ya transiti

Gari linalovuka kwenda nchi jirani chini ya dhamana ya forodha haliingizwi gereji kiholela. Lina njia yake na muda wake. Likiharibika, toa taarifa kwa forodha na kwa wakala wako kabla hujaligusa, la sivyo turbo itakuwa tatizo dogo kuliko yote.

Na kwa anayenunua leo: kabla ya kulipa, chomoa mpira wa hewa na uishike shafti kwa vidole. Ni kazi ya dakika chache, na muuzaji anayekukataza amekwisha kukupa jibu.