Fahamu: Meya wa Rusumo na mauaji ya kimbari

Mwaka 1994 mto Kagera ulileta maiti za Watutsi waliouawa Rwanda hadi Ziwa Victoria, ziwa hili hili linalowalisha watu wa Nansio. Nani aliwaua? Tukiwataja wenye mapanga peke yao, tunawaacha wenye ofisi.

Sylvestre Gacumbitsi alikuwa meya wa Rusumo, Rwanda, ng'ambo ya mpaka wetu wa Ngara. Kazi yake ilikuwa ya kila siku: mikutano, kodi, vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenyewe. Aprili 1994 aliitisha vikao, akagawa silaha, akazunguka na kipaza sauti akichochea ubakaji, kisha akaongoza shambulio kwenye parokia ya Nyarubuye, walikokimbilia maelfu ya Watutsi. Watu walimtii kwa sababu walikwisha kuzoea kumtii.

Mwenye ofisi mwingine, Adolf Eichmann wa Ujerumani ya Wanazi, aliyepanga treni za kuwapeleka Wayahudi kwenye kambi za kifo, alijitetea Jerusalem mwaka 1961 kwamba alifuata amri tu. Alinyongwa 1962.

Gacumbitsi naye alikamatwa Kigoma mwaka 2001. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu miaka 30 mwaka 2004. Rufaa ya 2006 ikaigeuza kuwa kifungo cha maisha.