Soseji ya nguruwe wako mwenyewe Gatwekera: Hesabu ndiyo hii

Wewe ni mtu wa smoki, usikatae. Saa moja jioni ukishuka Olympic, kabla hujashika njia ya kuteremka Gatwekera, lazima usimame kwa toroli upasuliwe moja, ijazwe kachumbari, umwambie jamaa aongeze pilipili. Hujawahi kumuuliza hiyo nyama ilitoka wapi. Hata mimi sikuwahi kuuliza, hadi siku tuliyoamua kutengeneza soseji zetu wenyewe.

Tulikuwa wasee watatu na mmoja wetu alikuwa na nafasi nyuma ya nyumba ya shosho yake, karibu na reli. Kama unaijua Gatwekera, unajua nguruwe si wageni. Wanazurura kwa mitaro, wanachimbua taka, wanalala pahali panapowafaa. Wazo letu lilikuwa rahisi: tununue wawili, tuwalishe makombo, tuwachinje, tutengeneze soseji, tuuze. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea biashara, kwa hivyo nikapewa daftari. Nimeliweka hadi leo na nambari zote ninazokupa zimetoka humo.

Vitoto viwili, 3,500 kila kimoja: 7,000. Mabati na mbao za banda: 4,200. Makombo kutoka kwa vibanda vya chakula, ndoo moja kila siku kwa 50, kwa siku 200 hivi: 10,000. Pumba, chakula cha dukani na dawa ya minyoo: 6,800. Makaa ya kuchemsha makombo: 3,000. Jumla ni 31,000, yaani kila nguruwe alitugharimu 15,500.

Hapo kwa makaa beshte yangu alinishangaa. "Buda, unampikia nguruwe?" Ndiyo, tunampikia. Kuna homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao uliandikwa kisayansi kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Kenya, na Montgomery, mwaka wa 1921. Haumdhuru binadamu hata kidogo, lakini nguruwe anaweza kufa kwa siku chache, na hakuna dawa ya kuutibu. Virusi vyake huishi muda mrefu ndani ya nyama, hata iliyotiwa chumvi. Sasa fikiria: mtu anakula soseji nusu, nusu nyingine inaingia kwa ndoo ya makombo, ndoo inamfikia nguruwe wako. Soseji inaua soseji. Jirani aliyekuwa na banda upande wa pili hakuwa anachemsha. Alikuwa na sita, na kwa wiki moja akabaki na banda tu. Ni ugonjwa upi sijui, lakini sisi tuliendelea kununua makaa.

Baada ya miezi saba walikuwa na kilo 70 hivi kila mmoja. Wale wa mashamba makubwa wanaolishwa vizuri hufika hapo mapema zaidi, lakini makombo ni makombo. Wa kwanza tulimuuzia broka akiwa hai kwa 13,000, kwa sababu shosho alikuwa amechoka na harufu na sisi tulikuwa tumefilisika. Hasara ya 2,500, moja kwa moja. Wa pili ndiye tukasema huyu ni wa soseji.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganyana. Nguruwe wa kilo 70 hakupi kilo 70 za soseji. Ukishachinja na kutoa matumbo unabaki na kilo 50 hivi. Ukitoa mifupa unabaki na kama 36 za nyama na mafuta. Mafuta usiyatupe. Soseji nzuri inataka mafuta karibu theluthi moja, la sivyo inakauka kama mti. Ukiongeza makombo ya mkate, maji ya barafu, chumvi na viungo, unafika kilo 42. Kilo moja inatoa soseji 20 za gramu 50.

Nyama ya kuuzia watu lazima ichinjwe kwa kichinjio chenye leseni, ipimwe na inspekta, ipigwe muhuri. Hiyo ni sheria ya Kenya. Cha karibu tulichokijua ni Ndumbuini, upande wa Kabete. Pikapu ya kwenda na kurudi ilikuwa 2,500. Kibali cha kusafirisha mnyama, kuchinjiwa na kupimiwa: 1,000. Kisha bucha moja Kawangware yenye mashine ya kusaga na kujaza ikatutoza 100 kwa kilo, yaani 4,200. Utumbo wa kujazia 1,500, mkate na viungo 1,400, pakiti 600.

Jumlisha na zile 15,500. Unapata 26,700. Kilo moja ya soseji yetu ilitugharimu 636, soseji moja ikawa shilingi 32 kabla hatujapata faida yoyote. Wiki hiyo hiyo pakiti ya kilo ya smoki ilikuwa 480 kwa duka la jumla. Usiwalaumu wenye viwanda. Farmer's Choice wako kwa hii kazi tangu 1980, na kiwanda chao Kahawa West hakipeleki nguruwe mmoja kwa pikapu ya kukodi.

Beshte yangu aliziangalia nambari usiku huo kabla ya kuchinja, tukiwa bado hatujalipa pikapu. Akaweka kidole kwa 2,500 na 1,000. "Hizi mbili tunatoa. Kuna jamaa anachinja usiku hapo chini karibu na mto. Mia tano tu, na hakuna mtu atajua."

Na ni kweli, hakuna mtu angejua. Hapo ndipo nikafanya hesabu ambayo nakuomba nawe uifanye. 3,500 ukigawanya kwa kilo 42 ni shilingi 83 kwa kilo. Gawanya kwa soseji 20. Ni shilingi nne na senti kidogo kwa kila soseji. Tulikuwa tunabishana usiku kucha juu ya shilingi nne.

Hizo shilingi nne zinanunua nini? Zinanunua kisu cha inspekta. Anapasua ulimi, moyo na misuli akitafuta vijipu vyeupe kama punje za mchele. Hao ni watoto wa tegu. Ukila nyama yenye hivyo vijipu ikiwa haijaiva, minyoo inakua tumboni mwako, mayai yake yanatoka na choo chako. Kwetu, ambako wengi hawana choo cha maana na mvua inasomba kila kitu hadi mtaroni, nguruwe anayezurura atakipata hicho choo. Mduara umefunga.

Lakini kuna kitu sikuwa najua na kilinitoa jasho. Ugonjwa mbaya zaidi hautokani na kula nguruwe. Unatokana na kumeza yale mayai, kwa mikono michafu, kwa maji, kwa mboga ambazo hazikuoshwa vizuri. Yakiingia mwilini yanaweza kupanda hadi kwenye ubongo na kukuletea kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi ambako tegu huyu ameenea, karibu asilimia 30 ya visa vya kifafa vinatokana naye. Kwa hivyo mzee Mwislamu kule Makina, ambaye hajagusa nguruwe tangu azaliwe, anaweza kuupata kwa kachumbari iliyokatwa na mtu mwenye minyoo. Na huyo mtu aliipata kwa nyama iliyochinjwa usiku karibu na mto.

Na soseji ni mbaya kuliko kipande cha nyama, kwa sababu ukishasaga huoni kitu. Nyama nzima unaweza kuigeuza ukaona vijipu. Soseji unaona tu ngozi inayong'aa. Halafu watu wengi huichukulia kama smoki, ambayo ilishaivishwa kiwandani na inapashwa moto tu kwa toroli. Soseji mbichi ya nyumbani si smoki. Ipike mpaka katikati isiwe na wekundu wowote.

Tulilipa pikapu. Nisijifanye malaika, kura ilikuwa mbili kwa moja na mimi nilibadilisha mawazo mara mbili. Inspekta alipasua, akaangalia, akapiga muhuri, ikachukua muda mfupi kuliko kunyoa ndevu. Soseji zikatoka tamu ajabu, zenye dania na pilipili manga. Tukauza kwa WhatsApp, 45 kila moja. Lakini tulikuwa tumezihifadhi kwa friza ya duka la jirani na stima ikapotea siku mbili. Kilo sita zikaenda. Soseji isiyo na dawa ya kuhifadhi haikusubiri.

Tukauza 720. Pesa iliyoingia ni 32,400. Toa 26,700, toa ile hasara ya broka. Tukabaki na 3,200, watu watatu, miezi saba. Shilingi 1,066 kila mmoja. Beshte yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mara ya pili tulikuwa na akili kidogo. Tulikusanya majirani, nguruwe wanne pikapu moja, na gharama ya gari na kupimiwa ikashuka hadi shilingi mbili kwa soseji. Mmoja wa hao nguruwe alikuwa wa mama fulani anayeuza mboga, aliyemlea kwa ajili ya karo ya Januari. Nguruwe wake alikuwa mzuri kuliko wetu, mnene, lakini alikuwa anamwachilia mchana ajitafutie.

Inspekta alipasua ulimi, akanyamaza. Akapasua moyo. Akatuita tuone. Punje za mchele, nyingi.

"Huyu hapiti."

"Daktari, hata kichwa?" mama akauliza.

"Hata kichwa, mama."

Tulirudi Kawangware na nyama ya watatu, yeye akiwa amekaa mbele na dereva bila kusema neno. Tulipofika bucha, yule yule beshte yangu wa kuchinja usiku ndiye aliyetoa daftari mikononi mwangu. Akaandika 4,000 mara tatu, kila mwenye nyama amtolee mama. Ni karibu shilingi tano zaidi kwa kila soseji yetu, na hakuna aliyepinga. Wateja tuliwaambia bei ni 50 na sababu yake. Wawili walitublock.

Mama amenunua kitoto kingine. Safari hii banda lake lina sakafu ya simiti na mlango, na amempeleka kila mtu wa nyumba yake kliniki kupewa dawa ya minyoo. Pikapu ya Desemba bado ina nafasi mbili.